Tenda wema, lakini usiende zako

Kensington, mashariki ya Johannesburg, kuna kilima cha mawe kinaitwa Langermann Kop. Wenyeji watakwambia usikipande peke yako, nawe wasikilize. Lakini ukipata wa kufuatana naye, panda jioni. Miguuni pako utaona paa za mabati za nyumba zilizojengwa enzi za homa ya dhahabu, katika mtaa ulioanzishwa 1897 ukapewa jina la kule London, na barabara zake zikaitwa kwa majenerali wa Kiingereza, Roberts na Kitchener. Chini zaidi ni bonde la Bezuidenhout, jina ambalo hakuna anayehangaika kulitamka lote; ni Bez Valley tu, basi. Ng'ambo ya bonde ni Yeoville, ambako Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi husikika barabarani tangu asubuhi. Na upande jua linakozama, kabla macho hayajafika kwenye maghorofa ya mjini, yapo majukwaa ya Ellis Park.

Nilikwenda Kensington kwa mambo ya kifamilia, si ya mpira. Ila mtu aliyekulia Dar es Salaam akiona uwanja kwa mbali hawezi kujizuia kuuliza: pale wanacheza akina nani? Mwenyeji wangu, Mkongomani aliyeishi huko miaka mingi, hakunitajia timu. Alinitajia tarehe.

Aprili 11, 2001. Jumatano usiku. Kaizer Chiefs na Orlando Pirates. Kwa msomaji wa Kariakoo sina haja ya kueleza sana: chukua Simba na Yanga, ongeza Soweto, ongeza historia ya watu walionyimwa karibu kila kitu isipokuwa mpira. Uwanja wa watu elfu 60 ulikuwa umeshafurika, na maelfu wengine wako nje, wengi wametoka kazini, nauli imeshaliwa na daladala zao za kule. Ndani goli likifungwa, wa nje husikia mngurumo tu. Wakasukuma. Watu 43 walifariki usiku ule kwa kukanyagwa na kubanwa. Mechi ilivunjwa hata nusu ya kwanza haijaisha, na miili ikalazwa kwenye nyasi zilezile zilizokuwa zikichezewa muda mfupi uliopita.

Tume ya Jaji Bernard Ngoepe iliorodhesha makosa: waandaaji hawakukadiria watu watakaokuja, tangazo la kwamba tiketi zimekwisha lilitolewa vibaya na kwa wakati mbaya, na hakuna aliyejifunza kutokana na yaliyopita. Yaliyopita yenyewe yalikuwa Orkney, Januari 13, 1991: mechi ya kirafiki, timu hizohizo mbili, watu 42.

Kwa hiyo nikitakiwa kuandika kuhusu ukarimu wa wanasoka kwa watoto na mashabiki, siwezi kuanzia kwenye picha ya nyota aliyembeba mtoto. Naanzia hapa kilimani, nikiutazama uwanja ambako shabiki alitoa vyote alivyokuwa navyo. Anayemdai mwenzake ni nani?

Siku iliyofuata maafa yale, Aprili 12, mzaliwa mmoja wa Diepkloof, Soweto, alitimiza miaka 32 akiwa Uingereza. Alikuwa nahodha wa Leeds United na wa timu ya taifa ya Afrika Kusini, na kabla ya kwenda Ulaya alikuwa mchezaji wa Chiefs. Jezi ya njano na nyeusi alikuwa nayo tayari ule mwaka wa Orkney. Miezi minne kabla ya Ellis Park, Desemba 2000, FIFA ilimpa tuzo yake ya mchezo wa kiungwana. Haikuwa kwa sababu ya kutopewa kadi. Ilikuwa kwa kupambana na ubaguzi wa rangi viwanjani na kwa kazi yake na watoto wa nyumbani kwao.

Lucas Radebe alizaliwa katika familia ya watoto wengi. Miaka ya 1980, Soweto ikiwaka moto, wazazi wake walimwondoa, wakampeleka Bophuthatswana ili asimezwe na fujo za mitaani. Huko ndiko alikoanza kucheza mpira wa ushindani, tena akiwa kipa. Chiefs walimchukua 1989. Mwaka 1991, akiwa ametoka nyumbani kwa shughuli ndogo tu ya dukani, alipigwa risasi. Ilimwingia mgongoni ikatokea pajani, ikakosa kila kiungo ambacho kingemuua. Aliyefyatua hakukamatwa. Ukimsikia mtu wa namna hiyo anasema anawaelewa watoto walioponea chupuchupu, huna haja ya kumwomba ushahidi.

Namna alivyofika Leeds mwaka 1994 inachekesha kidogo. Waingereza walimtaka mshambuliaji Phil Masinga. Radebe walimnunua kwa pauni 250,000 zaidi ili Masinga apate mwenziwe wa nyumbani, asijione mpweke kwenye baridi. Yaani nahodha wa baadaye alinunuliwa awe rafiki wa mtu.

Na huyo Masinga naye ana aliyemfungulia mlango: Jomo Sono. Hapa nitatoka njiani kidogo. Baba yake Jomo, Eric Sono, alikuwa mchezaji mashuhuri wa Orlando Pirates, akafa kwa ajali ya gari mtoto akiwa bado mdogo. Jomo akalelewa na babu na bibi wasio na kitu, akiuza karanga na matofaa kwenye mechi na vituo vya treni. Inasimuliwa kwamba siku ya harusi yake mwenyewe alisikia Pirates wamefungwa mabao mawili bila na Highlands Park. Akamwacha bibi harusi, akaenda uwanjani, na mechi ikaisha 4-2 kwa Pirates. Mashabiki wa Pirates wanaihesabu siku ile kuwa hisani kubwa kuliko zote walizowahi kufanyiwa. Bibi harusi hakuulizwa. Alipotoka Marekani, alikochezea New York Cosmos, Jomo aliinunua ileile Highlands Park, akaiita Jomo Cosmos, akaanza kazi ya kuokota vijana ambao hakuna aliyewajua: Masinga, Helman Mkhalele, Mark Fish, baadaye Aaron Mokoena. Wote walifika timu ya taifa. Muuza karanga alijua wauza karanga wenzake wanapatikana wapi.

Turudi Leeds. Mji ule haukuwa umekaa tayari kumpokea mtu wa Soweto. Miaka ya 1980 wafuasi wa vyama vya kibaguzi waliuza magazeti yao nje ya geti la Elland Road kama wauza njugu. Kwa haki ni lazima niseme kwamba mashabiki wenyewe wa Leeds ndio waliojipanga kupambana nao, tangu 1987. Lakini kampeni ni karatasi. Kumwona beki mweusi anavaa kitambaa cha unahodha kila Jumamosi, anaingia golini kipa akitolewa kwa kadi, anabaki jioni kusaini jezi za watoto, hilo ni jambo jingine. Watoto wa Leeds waliokua wakiimba jina lake walikua na picha tofauti ya Mwafrika na ile waliyokuwa nayo baba zao. Mitaani walimwita Mkuu. Kundi moja la vijana wanamuziki wa mji huo, mashabiki wa Leeds, likajiita Kaiser Chiefs kwa heshima ya timu alikotoka, na leo wapo Wazungu wengi wanaolijua kundi bila kujua kwamba nyuma yake kuna timu ya Soweto.

Mandela alipotembelea Leeds mwishoni mwa Aprili 2001, majuma yasiyofika matatu baada ya Ellis Park, alisimama mbele ya umati akawaambia amefurahi kufika Liverpool. Mzee yule alisamehewa hata hilo. Kisha, Radebe akiwa pembeni yake, akasema huyu ndiye shujaa wake.

Timu kubwa zilitajwa kumtaka Radebe, Manchester United ikiwamo, pamoja na za Italia. Hakwenda. Magoti yalimsumbua, Leeds ikazama kwenye madeni, ikashuka daraja 2004, naye bado yupo. Alikaa miaka 11. Alipoagwa Mei 2005, Elland Road ilijaa kwa mechi isiyokuwa na alama hata moja ya kupigania, na mapato yakagawiwa mashirika ya hisani.

Huko kwao alikuwa balozi wa vijiji vya watoto vya SOS. Wazanzibari wanavijua vijiji hivi, maana Unguja kipo, na Dar es Salaam na Arusha pia. Si mabweni ya yatima tuliyozoea. Mtoto anawekwa kwenye nyumba yenye mama na ndugu kadhaa, anakula mezani, anagombana na kupatana, anakua hapo miaka na miaka. Mpango wenyewe ulianzia Austria mwaka 1949, baada ya vita, na Johannesburg ina kijiji chake Ennerdale, kusini ya mji. Ndiyo maana balozi wa SOS hafai kuwa mtu wa kupita. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja ana darubini kali kuliko ya kamera yoyote. Anamtambua mgeni wa dakika 20 kabla hajashuka garini.

Najua kwa sababu niliwahi kuwa nayo hiyo darubini, ingawa sikuwa yatima. Nilikuwa darasa la tano. Baada ya mazoezi ya timu moja ya Dar, ambayo siitaji, mchezaji mmoja ambaye simtaji pia, alitukuta kwenye kiwanja chetu cha vumbi tukicheza chandimu peku. Akapiga danadana nasi. Akatuuliza majina. Halafu akanishika kichwa, akasema, "Wewe, mdogo wangu, wiki ijayo nakuletea njumu." Nikaoga vizuri Jumamosi iliyofuata. Nikaoga Jumamosi ya pili. Ya tatu mama akauliza naoga hivyo naenda wapi. Mpaka leo nikimwona yule bwana akichambua mpira kwenye televisheni, nazima sauti. Hakunikosea kwa ubaya. Nadhani alifurahi kweli siku ile, akasema neno, akaondoka. Alitenda wema, akaenda zake, kama wahenga walivyotufundisha.

Wahenga walikuwa na maana yao: usisubiri shukrani. Wanasoka wetu wameichukua nusu ya pili ya methali, hiyo ya kwenda zao, wakaifanya ratiba. Msimu ukikaribia utawaona. Kuelekea Simba Day, desturi iliyoanza 2009, na katika Wiki ya Mwananchi ya Yanga, hufanyika ziara za hospitali na vituo vya watoto, na uchangiaji wa damu. Katoni za sabuni, viroba vya mchele, mafuta ya kula. Sina ugomvi na sabuni. Sina ugomvi kabisa na damu. Chupa ya damu haiulizi aliyeitoa alipiga picha ngapi, na mashabiki wa timu hizi mbili wakishindana kuichangia, mzazi anayevuja damu leba hajali ni ya rangi gani ya jezi. Ninachosema ni kwamba kalenda hiyo inamfaa msemaji wa klabu kuliko mtoto aliyelazwa Novemba.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Mbwana Samatta wa Mbagala, aliyefika TP Mazembe, Genk, kisha Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mwaka 2018 alishirikiana na mwanamuziki Alikiba kuanzisha mechi ya hisani, timu ya Samatta dhidi ya timu ya Kiba, Uwanja wa Taifa, fedha zikalenga elimu. Watu waliiita SamaKiba, jina ambalo lazima lilimpendeza mvuvi fulani. Kilichonivutia ni kwamba haikuishia siku ile moja, ilirudiwa. Kwetu hisani inayorudiwa ni habari.

Afrika Kusini walikuwa wamekwishaifanya hisani ya mpira kuwa taasisi. Kuanzia 1986, kabla ya msimu, timu nne zilizochaguliwa kwa kura za mashabiki zilikutana siku moja kucheza mechi tatu, na fedha zikaenda kwa wahitaji. Mdhamini wa kwanza alikuwa Iwisa, chapa ya unga wa mahindi, sembe hiihii. Lilikuwa jambo jema, nami sitaki kulichafua. Lakini nikikaa juu ya kilima hiki najiuliza tiketi zilinunuliwa na nani. Aliyepanda treni kutoka Soweto na Thembisa ndiye aliyelipa, wachezaji wakashukuriwa. Maskini alimchangia maskini mwenzake, nyota akakabidhi hundi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna hundi. Uko Mathare, Nairobi. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akiishi huko, aliwaona watoto wakicheza mpira wa karatasi na kamba pembeni ya takataka, ikazaliwa jumuiya ya michezo ya vijana inayojulikana kama MYSA. Kanuni yake moja ni ya ajabu: timu inayokwenda kusafisha mitaro na kuzoa taka mtaani huongezewa alama kwenye msimamo wa ligi. Unaweza kushinda uwanjani ukapitwa na wenzako wenye fagio. Ilipozaliwa timu kubwa, Mathare United, wachezaji wake walibeba sharti hilohilo la kuutumikia mtaa, wakifundisha wadogo zao na kufanya kazi za jamii, sawa na sharti la kufika mazoezini. Timu hiyo ilikuwa bingwa wa Kenya 2008. Pale wema hausubiri moyo wa mtu uamke vizuri. Umeandikwa, unahesabiwa, na asiyeufanya anashuka kwenye jedwali. Wapo watakaosema wema wa kulazimishwa si wema. Mimi nilisubiri njumu Jumamosi tatu. Nauchukua wa kulazimishwa.

Sadio Mané naye hakuhitaji kanuni. Baba yake aliugua Bambali, kijijini kwao Senegal, akafariki bila kijiji kuwa na hospitali ya kukimbilia. Mwana akaja kujenga shule, na 2021 ikafunguliwa hospitali. Wengi tuliziona picha zake kwenye simu. Picha hizo mimi sina neno nazo, kwa kuwa hospitali haiwezi kupakiwa tena kwenye gari ikarudi na msafara. Inabaki pale, na mkunga wake anaingia zamu ya usiku hata siku Mané anapokosa penalti.

Hicho ndicho ninachomsifia Radebe, na wala sidai alikuwa malaika. Sifa yake kubwa kama beki ilikuwa kukaa mahali pake. Aliifanya hiyohiyo kuwa namna yake ya kupenda watu. Alikaa Leeds ilipoanguka, na alipomaliza kucheza akarudi kuishi Johannesburg, ambako mtoto yeyote wa Soweto anajua sura yake. Hata kutajirika angeweza kutajirika zaidi kwingine.

Kila Aprili 11, Chiefs na Pirates huweka ujumbe wa kuwakumbuka wale 43, kama wanavyowakumbuka wale 42 kila Januari 13. Ujumbe ni mfupi, wenye mshumaa. Wengi kati ya vijana wanaovaa jezi hizo leo walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wakibebwa mgongoni. Mwenyeji wangu wa Kensington, ambaye si shabiki wa timu yoyote kati ya hizo, alinionyesha majukwaa kwa kidole akasema kitu kimoja tu: "Ndugu, pale watu walikuja kuona wachezaji." Tukashuka kilimani kabla giza halijaingia.

Basi ombi langu ni dogo, kwa Simba, kwa Yanga, kwa Azam, kwa Gor Mahia na AFC Leopards kule Nairobi, na kwa yeyote mwenye namba mgongoni. Agosti nendeni wodini kama kawaida, na waandishi wenu, na katoni zenu. Chagueni mtoto mmoja mliyemuuliza jina. Halafu Novemba, ligi ikiwa imechanganya na kamera zimehamia kwingine, mmoja wenu arudi kwenye wodi ileile, aulize kama bado yupo. Na kama mlimwahidi njumu, mchukue namba ya mguu.